Kalibu ya Mpira Kabla ya Kalibu ya Chuma



Wewe ufyatuaye matofali wajua: kalibu ikipinda, matofali yote hupinda. Viwanda navyo vyaogopa jambo hilo hilo, kwa maana kalibu ya chuma ya kutengenezea vitu vya plastiki ni ghali mno. Ikichongwa vibaya, fedha imepotea.

Mwaka 1983, huko Marekani, Bwana Chuck Hull alitengeneza kikombe kidogo cha kuoshea macho kwa kugandisha utomvu kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo mashine ya kuchapa vitu. Lakini kuchapa kimoja kimoja huchelewesha vikitakiwa vingi.

Basi mafundi huunganisha njia mbili. Kielelezo kilichochapwa hupigwa msasa hata kiwe laini, huning'inizwa sandukuni, kisha humiminiwa mpira wa maji uitwao silikoni. Hewa hufyonzwa ili mapovu yatoke. Mpira ukiisha kuganda hukatwa vipande viwili, kielelezo hutolewa, na plastiki ya maji humiminwa mahali pake, hewa ikiwa imeondolewa tena. Kalibu moja hutoa nakala kama 20, kisha huchakaa. Nakala hizo hupewa watu wazitumie na kutaja kasoro zake.

Mzazi, mwanao akitoka chuo cha ufundi akakuomba uuze ng'ombe anunue kalibu ya chuma, usimkatalie, wala usikimbilie mnadani. Mwulize kwanza: "Kielelezo kiko wapi, na nani amekijaribu?" Majuto ni mjukuu.