Fedha za Kuhifadhi Kambi za Nyeri Zitoke Kwetu

Nafundisha historia Nyeri, na hakuna mada inayonitaabisha kama Hali ya Hatari ambayo Waingereza waliiweka nchini Kenya, 1952 hadi 1960. Waingereza walipojiandaa kuondoka walichoma nyaraka nyingi, nyingine wakazisafirisha kwao. Zile walizozificha Hanslope Park, Uingereza, walikiri kuwa nazo mwaka 2011, baada ya wazee wetu waliozuiliwa kambini kuwashtaki London. Kilichobaki kwa mwalimu ni masimulizi ya wazee, nao wanatutoka kila mwaka.

Ndiyo maana naithamini sana kazi ya African Digital Heritage ya Nairobi na wenzao wa Museum of British Colonialism. Wamekusanya masimulizi ya waliozuiliwa, wakayalinganisha na mabaki yaliyopo ardhini, kisha wakaziunda upya kwa kompyuta kambi za kizuizini za Aguthi na Mweru, ambazo siku hizi ni shule za sekondari. Mtazamaji hakai tu kusubiri filamu iishe. Anaamua mwenyewe aangalie wapi na amsikilize nani. Baada ya kuiona, mwanafunzi wangu mmoja alikwenda kumuuliza nyanya yake kuhusu handaki ambalo wanawake walilazimishwa kuchimba kuzunguka kijiji. Alirudi na daftari limejaa. Kitabu cha kiada hakijawahi kumtuma mwanafunzi wangu yeyote kwa nyanya yake.

Kazi ya namna hii ni ghali. Inahitaji wanahistoria, wafasiri wa Kikuyu, wachoraji na waandishi wa programu, na hata ikikamilika, seva hulipiwa mwaka hadi mwaka. Marekani ilianzisha kwa sheria, mwaka 1965, mfuko wa taifa wa taaluma za utu, NEH. Ruzuku zake za miradi ya kidijitali kwa umma zilitolewa kwa hatua: kwanza wazo, kisha mfano wa majaribio, mwisho utengenezaji wenyewe, na wasomi walitakiwa kushiriki tangu mwanzo. Huo ni utaratibu mzuri wa kuiga. Lakini Aprili 2025 mfuko huohuo ulifuta ruzuku zaidi ya 1,000, nyingine kazi ikiwa katikati. Mmarekani aliyeumia anaweza kumbana mbunge wake. Sisi, mfadhili wa ng'ambo akibadili nia, tutambana nani?

Na kukamilisha si kuhifadhi. Mwaka 2011 Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada ilitoa Welcome to Pine Point, simulizi ya mji wa mgodi uliofungwa na kubomolewa. Ilijengwa kwa Flash, programu ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa 2020, na kazi nyingi za aina hiyo duniani zikaacha kufunguka. Ni rahisi kutoa fedha za kutengeneza na kusahau za kutunza. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la wafadhili, na tukianzisha mfuko wetu tusilirudie.

Nasema tuuanzishe. Kifungu cha 11 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuitaka Serikali iukuze, hata kupitia sanaa, mawasiliano na maktaba. Basi kila ruzuku itenge sehemu ya matunzo ya miaka isiyopungua kumi. Rekodi za mahojiano, bila kukatwa, ziwekwe kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ili tovuti ikianguka sauti zibaki. Pia pawe na toleo jepesi kwa simu, kwa sababu wanafunzi wangu hununua bando za shilingi chache, na video nzito huzimaliza kabla mzee hajafika katikati ya maneno yake.

Nimeambiwa kwamba madarasa na dawa hutangulia. Nafundisha katika darasa lenye paa linalovuja, kwa hiyo hoja hiyo naielewa. Ila paa litaezekwa mwakani likikosa fedha mwaka huu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 kambini mwaka 1954 sasa amepita 90, na mahojiano yake yanahitaji fedha katika bajeti ya mwaka huu.