Kanuni Ikiwa na Maana Mbili, Nani Anaamua?

Juma hili tunajibu swali la mama mmoja mwenye wajukuu Canada. Alikuwa akiongea nao kwenye simu, akasikia vijana wakibishana vikali juu ya maneno ya kitabu. Kumbe walikuwa wanacheza. Akatuuliza: ni mchezo gani huo?

Unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji wanakaa mezani, kila mmoja anajichagulia mtu wa hadithi: askari, mwizi, mganga. Mmoja wao ni msimulizi. Anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanya nini?" Wanajibu, kisha dadu yenye pande 20 inaonyesha kama wamefaulu. Ni kama hadithi zetu za jioni, ila hapa wasikilizaji wenyewe ndio sungura na fisi. Miaka ya 1980 wazazi wengi kule waliuogopa kwa sababu ya mashetani na uchawi uliomo. Mzazi mwenye wasiwasi akae mezani asikilize, atajua haraka.

Ugomvi unatoka wapi? Mchezaji anaweza kujaribu jambo lolote, na hakuna kitabu kinachotosha kwa hayo yote. Kitabu cha 2014 kilisema hivi: mtu asiyeonekana akishambulia, anarusha dadu mara mbili na kuchukua namba kubwa. Sawa. Lakini kuna mwingine mwenye uwezo wa kuwaona wasioonekana. Nikikuona, bado una faida hiyo juu yangu? Mtoto yeyote atasema hapana. Shida ni kwamba kanuni ilikuwa na mistari miwili: mmoja unasema haonekani, wa pili unasema ana faida, na hakuna neno lililoifunga pamoja. Jeremy Crawford, aliyekuwa mkubwa wa waandishi wa kanuni hizo, alijibu kwamba kwa jinsi ilivyoandikwa faida inabaki. Wachezaji wengi walikataa. Kitabu kipya cha 2024 kikaongeza maneno: anayekuona, huna faida juu yake.

Crawford huyo alieleza njia tatu za kusoma kanuni: kama ilivyoandikwa, kama ilivyokusudiwa, na kama itakavyowafurahisha waliopo. Mimi naipa nguvu ile ya pili. Ya kwanza ikibaki peke yake, anashinda mwenye maneno mengi. Ya tatu ikibaki peke yake ni mbaya zaidi, kwani furaha ya nani? Mara nyingi ni ya yule anayelia kwa sauti kubwa.

Msimulizi mzuri anasikiliza pande mbili kwa muda mfupi, anaamua, mchezo unaendelea. Ubishi mrefu unangoja mwisho. Na alichoamua leo kwa mchezaji, kesho kinamhusu hata jambazi wa hadithi. Hapo ndipo watoto wanamchunguza sana.

Kwetu hapa watoto wanacheza Ludo. Ukipata sita mara tatu mfululizo, nyumba moja inasema umepoteza zamu, nyingine inasema endelea. Kaka mkubwa anakumbuka kanuni moja akiwa mbele, na nyingine akiwa nyuma! Mama amechoka na kazi za siku, anasema, "Mpe tu mdogo wako." Kelele zimeisha, lakini wote wawili wameona kwamba kanuni inafuata machozi. Afadhali waulizwe kabla ya kurusha dadu ya kwanza: sita tatu tunafanyaje? Jibu liandikwe nyuma ya ubao.

Na sisi kwenye likelemba? "Atakayekosa kulipa atapoteza zamu." Aliyekuwa kwenye kilio akaleta pesa Jumatatu badala ya Jumapili, amekosa, au amechelewa? Tukumbuke kanuni ile iliwekwa kwa ajili ya nani: ni kwa wanaopokea kisha wanakimbia, si kwa wanaozika. Lakini tukimsamehe mama tunayempenda, yule asiyesalimia watu naye atasamehewa siku yake ikifika. Karani aandike kwenye daftari tarehe, jambo lililotokea na tulivyoamua, kabla watu hawajasimama kwenda nyumbani.