Mahadhi ya Langoni na Kosa la Kusaka Chimbuko

Yamezuka mazoea, katika uhakiki wa fasihi simulizi ya pwani, ya kuuliza mahadhi fulani ni ya nani kabla ya kuuliza yanafanya nini. Mfano ulio wazi ni kasida za Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, mtaani Langoni, mjini Lamu. Kambi moja huyahesabu mahadhi yake kuwa ya Hadharamaut, kwa kuwa matini yenyewe, Simtud-Durar, ilitungwa Seiyun na Ali bin Muhammad al-Habshi, na ikaenezwa Lamu na Habib Swaleh aliyetoka Ngazija. Kambi ya pili huyahesabu kuwa ya Kiafrika kwa sababu ya matari na ngoma. Kambi hizi zinatofautiana katika jibu tu. Kosa lao ni moja.

Kosa hilo ni kuchanganya safari ya matini na safari ya sauti. Matini ina mtunzi na mji; mahadhi hayana hati ya namna hiyo. Wala tari si ushahidi wa kutosha, maana hupigwa Hadharamaut kama linavyopigwa Lamu.

Ushahidi umo ndani ya beti. Ushairi wa Kiarabu hupimwa kwa silabi ndefu na fupi. Utenzi wa Kiswahili hupimwa kwa mizani nane katika kila mshororo, na mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi yaliyozoea kipimo cha kwanza yakibebeshwa cha pili, mwimbaji hana budi kuvuta silabi hapa na kufupisha pale. Hapo ndipo kibadala kinapozaliwa. Kibadala, basi, si asili iliyoharibika, bali ni uamuzi wa kisanaa.

Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, alisisitiza kwamba shairi sharti liimbike. Ajabu ni kwamba wanaojiita warithi wake huhesabu mizani karatasini, wakayaacha mahadhi nje ya mlango wa uhakiki.

Suala hili si la wanamuziki peke yao. Abdul Hamid el-Zein alionyesha mwaka 1974 kuwa mvutano wa Lamu juu ya Maulidi ya ngoma ulikuwa pia mvutano wa matabaka: waungwana wa mjini kwa upande mmoja, wageni na wazao wa watumwa kwa upande wa pili. Anayeyapeleka mahadhi yote Hadharamaut anawanyang'anya waimbaji wa Langoni kazi yao. Anayeyapeleka yote ngomani anafuta elimu waliyoisomea.

Mhakiki makini atakusanya vibadala vyote, kila kimoja na mahali pake, mnasaba wake na matini yake, kisha avilinganishe bila kukitawaza kimojawapo. Tenzi zimehaririwa kwa uangalifu huo, nakala kwa nakala. Hakuna hoja ya kuinyima sauti heshima iliyopewa wino.