Nobeli Tumeishangilia, Ngara Ataiandika Nani?

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobeli, tulishangilia kama timu yetu imebeba kombe. Wengi wetu hatukuwa tumesoma hata kurasa mbili zake, lakini haidhuru. Majaji walisema wazi kwamba, pamoja na mengine, wanamtuza kwa jinsi alivyoiandika hatima ya mkimbizi. Sawa. Sasa tuulizane: mkimbizi wa Ngara kaandikwa wapi kwa Kiswahili?

Ngara, kwa asiyeijua, ni kamji ka vilimani mkoani Kagera, pale Tanzania inapopakana na Rwanda na Burundi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka pale Rusumo. Chini ya daraja, Mto Kagera ulikuwa unateremsha maiti. Wakapiga kambi Benako, mahali palipobeba jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara.

Waandishi wa nje walikuja na wakalimani wao, wakapiga picha, wakaondoka. Mhangaza hakuhitaji mkalimani. Kihangaza na Kishubi vinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo mama aliyebisha hodi kuomba maji, mwenye nyumba alimwelewa palepale. Alielewa pia alichokuwa anakificha. Jamani, riwaya inataka nini zaidi ya hapo?

Maana baada ya huruma ilikuja biashara. Ndizi za mwenyeji zilibadilishwa na mahindi ya msaada, bei zikapanda, miti ikakatwa kwa kuni, kuna aliyefaidika na kuna aliyeachiwa kilima kitupu. Na katika foleni ileile ya mahindi walisimama waliokimbia vita na waliokimbia baada ya kuua. Halafu Desemba 1996 serikali ikatamka kwamba hadi tarehe 31 wote wawe wamerudi kwao. Baadhi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi. Askari wakawageuza kurudi Rusumo. Ripoti zinaliita hilo zoezi. Aliyewauzia ndizi alikuwa na neno lake.

Najua jibu: eti hayo ni ya Wanyarwanda, wayaandike wenyewe. Upuuzi. Mauaji ni yao kuyasimulia, ndiyo, ila kilima kilikuwa chetu, na amri ya kuwarudisha ilikuwa yetu pia. Nashuku sababu ni nyingine: kwa wahariri wetu, Kiswahili cha kitabuni bado kinatakiwa kinuke chumvi ya bahari. Kezilahabi alitoka Ukerewe akatuletea Rosa Mistika mwaka 1971, na bado bara tunalihesabu kama ugenini.

Leo maporomoko ya Rusumo yanazalisha umeme, megawati 80, zinazogawanywa kwa nchi tatu. Malori yanapanga foleni mpakani, na kijana aliyezaliwa baada ya 1996 anaijua Benako kama kituo cha kushukia tu. Aliyekuwa na miaka 30 wakati ule sasa amevuka 60. Wachapishaji, na nyie mnaogawa tuzo za uandishi kila mwaka, nauli ya basi kwenda Ngara haiwashindi. Mpelekeni mwandishi mmoja, akae msimu mzima, na awe anasikia Kihangaza.