Anayehubiri kwa Mikono



Mwaka uliopita mama mmoja wa parokia yetu alinijia akiongozana na binti yake wa miaka 19, kiziwi tangu kuzaliwa. Binti alikuwa ametendewa uovu na jirani, naye alimfahamu mtu yule na kumwonyesha kwa kidole. Shauri lilifikishwa mahali panapohusika. Likatajwa mara tatu na kuahirishwa mara tatu, kwa kuwa mkalimani hakupatikana. Mara ya nne mama aliambiwa kwamba mlalamikaji asiyeweza kujieleza hana ushahidi. Mtuhumiwa akarudi nyumbani kwake, hatua chache tu kutoka mlangoni pa binti. Mama hakuja kwangu kuomba fedha. Aliniuliza, "Baba, ninyi mmesoma sana. Je, hakuna hata mmoja wenu anayeijua lugha ya mwanangu?"

Seminarini nilifundishwa Kilatini, Kigiriki kidogo, na Kiingereza cha kutosha kusomea vitabu vya teolojia. Lugha ya alama sikufundishwa hata neno moja. Nilimjibu mama yule kwa kunyamaza. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta habari za mapadre waliokubali kujifunza, nikazipata mbali, katika mji wa Phnom Penh, makao makuu ya Kambodia.

Shirika la Maryknoll si geni kwetu. Wamisionari wake walifika Musoma mwaka 1946, na wazee wa Mara na Shinyanga bado wanawakumbuka. Huko Kambodia shirika hilo lina mpango wa maendeleo ya viziwi, na mapadre na walei kutoka ng'ambo wamefanya kazi humo bega kwa bega na wenyeji. Nchi yenyewe imeonja mateso yasiyosemeka. Chini ya utawala wa Khmer Rouge, kati ya 1975 na 1979, shule zilifungwa na waalimu wengi waliuawa. Kiziwi hakuwa na shule hata kabla ya hapo. Shule ya kwanza ya watoto viziwi ilifunguliwa mwaka 1997 na shirika la Krousar Thmey, maana yake "familia mpya", lililoanzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya watoto wa kambi za wakimbizi. Basi aliyezaliwa kiziwi katika miaka ya 1970 au 1980 alikua bila shule, bila mwenzake, na aghalabu bila lugha yoyote.

Hapo sina budi kusimama kidogo, maana sisi tunaosikia hatuelewi upesi maana ya kukosa lugha. Hatusemi juu ya mtu asiyejua kusoma. Tunasema juu ya kijana wa miaka 20 ambaye hajui kwamba vitu vina majina, wala kwamba yeye mwenyewe anacho cheo cha kuitwa kwa jina. Nyumbani anaitwa "bubu", na hata neno hilo halisikii. Anajua njia ya kwenda shambani, anajua nani humpiga na nani humpa chakula. Kesho hana namna ya kuizungumzia, wala jana.

Mmisionari anayeletewa kijana wa namna hiyo haanzi na katekisimu. Anaanza na kikombe, ndizi, ng'ombe. Anaonyesha kitu, kisha alama yake, tena na tena, mpaka siku macho ya kijana yatakapong'aa. Wenzake humpa jina la alama, labda kwa kovu lililo shavuni au kwa namna anavyocheka, na hilo ndilo jina la kwanza alilowahi kuwa nalo. Baadaye huja kusoma na kuhesabu, kisha ufundi: kushona, kunyoa, kutengeneza pikipiki. Jioni kuna mikutano ya viziwi, ambapo chumba kizima kimejaa maneno wala hakuna sauti, na mgeni pekee ni yule anayesikia.

Yampasa mmisionari akubali ugeni huo. Amekwisha kujifunza Kikhmer kwa jasho, sasa anaketi mbele ya mwalimu kiziwi aliye mdogo kwake kwa umri, akisahihishwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Alama alizozizoea kwao Marekani hazimfai, kwa maana lugha ya alama si moja duniani. Kila taifa lina yake, na ya Kambodia imekusanywa na kuendelezwa na viziwi wa huko huko. Waumini wake nao ni wachache mno. Wakambodia walio wengi sana ni Wabudha, na hao viziwi anaowahudumia ni wa dini hiyo hiyo. Kuna wasomaji watakaouliza: anabatiza wangapi kwa mwaka? Nami nawauliza, je, yule Msamaria mwema alimbatiza mtu aliyemkuta njiani?

Sehemu ya kazi hiyo iliyonigusa zaidi ni ukalimani. Kiziwi akiugua, akikamatwa na polisi, au akidhulumiwa, mkalimani huitwa. Ikiwa kiziwi huyo hana lugha kamili, huwekwa wakalimani wawili: anayesikia, na kiziwi mwenzake. Huyu wa pili, kwa kuwa amekulia katika ukimya ule ule, huweza kuzungumza naye kwa vitendo, kwa picha, kwa uso. Kisha anamweleza mkalimani anayesikia, naye anamweleza hakimu. Kazi hiyo ni ya taratibu na huchosha, lakini mtu hupata kusikilizwa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka binti yetu. Sheria yetu ya ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara. Kilichokosekana siku ile hakikuwa sheria. Hakuwepo mtu wa kuisoma mikono yake.

Kanisa nalo lisijitoe katika lawama hii. Kanuni ya 990 yaruhusu mtu kuungama kwa njia ya mkalimani, ambaye naye hufungwa na siri. Kanuni ya 1104 yaruhusu wachumba wasioweza kusema watoe ridhaa yao ya ndoa kwa ishara. Nimekuwa padre miaka mingi, wala sijawahi kuzitangaza kanuni hizo mimbarini. Maneno ya Mtume Paulo kwa Warumi, kwamba imani hutokana na kusikia, yalisomwa kwa karne nyingi kana kwamba kiziwi amefungiwa mlango. Ni padre, Charles-Michel de l'Épée wa Paris, aliyewafungulia viziwi maskini shule katika miaka ya 1760 na kuziheshimu alama zao. Na ni padre pia, Giulio Tarra, aliyeongoza mkutano wa waalimu wa Milano mwaka 1880, ulioamua kwamba alama ziondolewe madarasani na watoto walazimishwe kutamka. Vizazi kadhaa vya viziwi viliumia kwa uamuzi huo. Mkutano wa Vancouver ndio ulioukana kwa majuto, mwaka 2010.

Viziwi wenyewe hawakungoja. Cyril Axelrod, aliyezaliwa kiziwi mwaka 1942 katika familia ya Kiyahudi ya Afrika Kusini, alipadirishwa mwaka 1970, akajiunga na Waredemptori, akawahudumia viziwi wa nchi yake wakati wa ubaguzi, kisha wa Hong Kong na Macau. Baadaye macho nayo yakapofuka. Akaendelea na utume wake, akizipokea alama kwa kuzigusa katika mikono ya mwenzake. Padre anayedai kwamba hana muda wa kujifunza na amtazame huyu.

Hapa kwetu Kanisa lilifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, nasi hujivunia jambo hilo kila panapotajwa elimu. Lakini mtoto akimaliza shule hurudi parokiani, na parokiani hakuna wa kusema naye. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yaagiza lugha ya alama iendelezwe. Ile ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Tume yetu inaomba mambo yaliyo chini ya hayo kwa mbali: kila dekania iwe na makatekista wawili waliofundishwa lugha ya alama na viziwi wenyewe, seminari iiweke katika ratiba yake, na mahakama na vituo vya polisi vya wilaya vipatiwe orodha ya wakalimani wanaoweza kuitwa, na nauli yao isitoke mfukoni mwa mama mjane.

Shauri la binti tumeomba lifunguliwe upya. Mwalimu kiziwi amekubali kuketi naye, naye amekwisha kusimulia mengi ambayo hata mama yake hakuyajua. Wakati huo huo somo la alama limeanza katika ukumbi wa parokia, kila Jumamosi saa tisa alasiri, baada ya mazoezi ya kwaya. Mama yule huketi mstari wa mbele. Mimi huketi nyuma yake, na mpaka sasa mwalimu hunirudisha mara kwa mara kwenye herufi za kwanza.