Gharama ya Chandarua cha Turubai Chomboni

Nakubali kwamba chandarua cha turubai cha kukinga jua na mvua katika mashua ndogo ni gharama nzito. Lakini aghalabu mwenye chombo huihesabu bei ya kitambaa peke yake, akasahau kwamba fimbo za chuma kisichoshika kutu, za unene wa milimita 22 au 25, pamoja na ujira wa fundi apimaye, akataye na kushona, huweza kumeza sehemu kubwa ya fedha. Turubai la pamba hushika kuvu na kuoza upesi lisipokaushwa, ilhali la akriliki, lenye uzito wa takribani gramu 300 kwa mita ya mraba, hustahimili jua miaka mingi. Tena uzi wa kawaida wa poliesta huliwa na jua kabla ya kitambaa chenyewe. Kwa hiyo nawasihi wenye vyombo wasiufanyie uzi ubahili. Asiye na uwezo wa kununua fimbo na atandaze turubai lake juu ya foromali, yaani mti wa tanga, iliyoshushwa, chombo kikiwa nangani, kwani afya ya mabaharia ni amana ya nahodha, nayo yastahili kuhifadhiwa kabla ya mapambo yoyote.