Ebola, surua, mpox: tuache kuwaita wananchi wajinga

Kila ugonjwa wa mlipuko unapotokea nchini Kongo, lawama ya kwanza huwaangukia wananchi: hawaelewi, wanakataa, wanafuata uvumi. Tuliyasikia wakati wa Ebola, tukayasikia tena wakati wa mpox. Lawama hiyo inaficha makosa ya wakubwa.

Tukumbuke Yambuku, mwaka wa 1976. Ebola iliua watu 280 kati ya 318 walioambukizwa. Wengi wa wagonjwa wa mwanzo walikuwa wamechomwa sindano katika hospitali ya misheni, ambako sindano tano tu zilitumika kutwa nzima, kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Je, aliyeikimbia hospitali hiyo alikuwa mjinga? Wazee wa vijiji, kwa upande wao, walifunga njia na kuzuia wageni, kama ilivyofanywa zamani wakati wa ndui.

Tuje Beni na Butembo. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu 2,287. Lakini wakaaji wa Beni walikuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014, na msaada ulikuwa haba. Ebola ilipofika, magari ya riposte yakajaa barabarani. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa huko, sababu zikitajwa kuwa Ebola na ukosefu wa usalama, huku masoko, shule na makanisa yakibaki wazi. Surua nayo, iliyoua watu zaidi ya 6,000 nchini, hasa watoto, haikupata hata nusu ya kelele hizo. Kisha, mwaka wa 2021, tume huru iliyoundwa na OMS ikataja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono wakati wa riposte, 21 kati yao wakiwa wafanyakazi wa OMS yenyewe. Watu waliposema Ebola ni biashara, hawakuokota neno hilo hewani.

Hayo hayahalalishi kuchoma vituo vya matibabu, wala kumuua Daktari Richard Mouzoko, aliyepigwa risasi Butembo Aprili 2019 akiwa kazini. Uvumi nao unaua.

Ila tuangalie kilichosaidia. Zaidi ya watu 300,000 walikubali chanjo. Vyumba vyenye kuta za plastiki angavu viliwaruhusu ndugu kumwona mgonjwa wao na kuzungumza naye. Waliopona walilea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mtu akionyeshwa ukweli na kuheshimiwa, anafungua mlango.

Kwa hiyo serikali na wafadhili wasingoje mlipuko mwingine. Muuguzi wa kijijini alipwe mshahara wake leo. Kituo cha afya kipate maji na glavu leo, kwani huwezi kumhubiria mtu anawe mikono mahali ambapo bomba halitoi maji. Na timu ikiundwa, iwe na watoto wa eneo hilo, wanaozungumza lugha ya wakaaji na watakaobaki nao magari yakishaondoka.